Jeni za Kinga za Ndege wa Porini: Mwongozo Kamili Kuanzia Wavuni Hadi Hitimisho Linalosimama

Rasimu ninazoletewa nizisome zinafanana mpaka zinachosha. Mwanafunzi amepanda mlima, amenasa ndege thelathini juu na thelathini chini, amesoma jeni zao za kinga na kukuta zinatofautiana. Kwenye ukurasa wa mwisho anaandika kwamba ndege wa kila upande wamejirekebisha kulingana na magonjwa ya mahali pao. Mtahini anamuuliza swali moja tu: "Umejuaje kwamba si bahati?" Kazi ya miaka miwili inakwama hapo.

Kosa hilo huwa limefanyika zamani, kabla hata wavu wa kwanza haujafunguliwa. Ukichota konzi mbili za maharage mchanganyiko kutoka gunia moja, rangi hazitalingana, na hakuna aliyechagua. Jeni nazo hufanya hivyo. Kundi dogo la ndege likitengwa, aleli (matoleo tofauti ya jeni moja) hupanda na kushuka kwa wingi kibahati tu kizazi hadi kizazi. Kwa hiyo tofauti peke yake haithibitishi chochote. Hatua zote zilizo hapa chini zina shabaha moja: kukupa kitu cha kulinganisha nacho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Kwa msituni:

- Nyavu za kunasia ndege, zenye matundu ya milimita 16 kwa ndege wadogo, mita 12 kila moja, pamoja na nguzo na kamba.
- Vifuko vya kitambaa chepesi, angalau 15. Kila ndege awe na kifuko chake, na vifuliwe kila jioni.
- Mizani ndogo, rula ya bawa, pete za saizi sahihi na koleo lake.
- Sindano za geji 26 au 27, za kutumika mara moja tu. Beba na chupa ngumu ya kutupia zilizotumika.
- Vijiti vya kapilari visivyo na heparini. Heparini huzuia PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi). Dawa nzuri ya kuzuia damu isigande hapa ni EDTA, au ufanye haraka bila dawa yoyote.
- Vichupa vya mililita 2 vyenye kifuniko cha kuzungusha na mpira ndani. Vile vya kubana huvujisha etanoli kwenye basi.
- Etanoli ya asilimia 96 au zaidi. Spiriti ya buluu ya dukani haifai.
- Slaidi, methanoli safi na kisanduku cha slaidi kinachofunga vizuri.
- Penseli. Nitaeleza kwa nini.
- Vipimajoto vidogo vinavyojirekodi, kimoja au viwili kwa kila eneo.

Kwa maabara: kiti au chumvi za kutenga DNA, mashine ya PCR, jeli ya agarosi, praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR), na fedha ya kusomesha mfuatano wa DNA. Ukipanga bajeti, anza na fedha ya kusoma mfuatano kisha urudi nyuma kuhesabu ndege. Wengi hufanya kinyume, wakaishia na friji iliyojaa damu isiyosomwa.

## Hatua ya 1: Chagua ndege na maeneo, kwa jozi

Usichague ndege kwa sababu ni adimu au anapendeza. Chagua anayeishi juu na chini ya mlima uleule, anayenasika kwa wingi, na asiyehama. Katika Milima ya Tao la Mashariki ningeanza na chozi wa rangi ya zeituni (Cyanomitra olivacea). Yupo katika misitu ya pwani na ya tambarare, anapanda hadi milimani, na huingia wavuni kwa wingi hata ukachoka kumtoa.

Kinengenenge (jenasi Zosterops) atakuvutia kwa sababu kila kilele kina wa kwake. Hapo ndipo penye mtego. Kinengenenge wa Taita (Zosterops silvanus), anayepatikana Vilima vya Taita na Mlima Kasigau pekee, ni spishi yake mwenyewe. Ukimlinganisha na wa Kilimanjaro unalinganisha spishi mbili, na kila jeni itakuonyesha tofauti kubwa, iwe ya kinga au ya rangi ya manyoya.

Mwinuko unafaa kwa sababu una maana kwa kimelea. Joto hushuka takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Plasmodium relictum, kimelea maarufu cha malaria ya ndege, hakikui ndani ya mbu kukiwa na baridi ya chini ya nyuzi 13 hivi. Ndiyo maana katika visiwa vya Hawaii ndege wa asili wengi wamebaki vileleni, ambako mbu ni wachache, ilhali spishi moja, ʻamakihi wa Hawaii, imeweza kuishi tena mabondeni katikati ya malaria. Huo ndio mfano wa kujirekebisha kwa mahali ambao kila mtu anautamani.

Idadi. Milima miwili haitoshi, na mlima mmoja wenye juu na chini ndiyo kabisa, kwa sababu hiyo ni jozi moja. Panga angalau milima mitatu, kila mmoja ukiwa na eneo la juu na la chini: Usambara, Uluguru na Udzungwa, kwa mfano. Ndege 28 waliokomaa kwa kila eneo. Hesabu hiyo nimeifanya kwa makusudi: maeneo 6 mara 28 ni 168, ongeza marudio 17 (sampuli zinazosomwa tena) na vidhibiti tupu 7 (visima visivyo na DNA), unapata 192, yaani sahani mbili kamili za visima 96.

Onyo. Usijaze idadi kwa makinda ya kiota kimoja. Ndugu wanne ni kama ndege mmoja aliyehesabiwa mara nne.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu asiye mwanasayansi, kwa sentensi mbili, kimelea gani unatarajia kiwe kingi wapi na kwa nini.

## Hatua ya 2: Vibali

Fupi lakini huua miradi. Tanzania utapitia COSTECH (tume ya sayansi) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), pamoja na wenye msitu; Kenya ni NACOSTI (tume ya sayansi) na KWS (shirika la wanyamapori). Kama damu au DNA itavuka mpaka, unahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli na vibali vya mifugo vya pande zote mbili. Anza miezi sita kabla. Andika ombi lenye idadi ya ndege, ujazo wa damu kwa kila ndege, na maabara itakayosoma mfuatano. Ombi lisilo na vitu hivyo vitatu hurudishwa.

Na wazee wa kijiji kilicho chini ya msitu waendee mwenyewe, usitume barua tu. Mtu anayechoma ndege sindano alfajiri msituni, bila maelezo, ataelezewa na wengine.

## Hatua ya 3: Kunasa

Nasa katika msimu wa kutaga. Sababu ni ya kimsingi: katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, baadhi ya ndege wa misitu ya milimani hushuka chini. Ukitandaza wavu wa bondeni mwezi wa Julai, ndani ya "kundi la chini" utakuwa na wageni kutoka juu, na tofauti unayoitafuta itakuwa imechanganywa kabla hujaipima.

Fungua nyavu kunapopambazuka. Pita kila dakika 20. Mvua ikianza, funga. Jua likipiga wavu moja kwa moja, funga. Ndege aliyelowa au aliyepata joto hufa kabla hujamfikia.

Kila ndege apate pete yenye namba, apimwe bawa na uzito, aandikiwe umri na jinsia kama inaonekana, na aachiwe ndani ya nusu saa. Pete si pambo. Utaihitaji katika hatua ya mwisho, na pia itakuzuia kumhesabu ndege mmoja mara mbili.

Onyo. Jike mwenye yai tumboni, au ndege anayepumua mdomo wazi, huachiwa bila kutolewa damu. Sampuli moja haina thamani hiyo.

## Hatua ya 4: Damu

Hapa ndege wana upendeleo ambao mamalia hawana: seli zao nyekundu zina kiini. Tone dogo tu la damu limejaa DNA. Hakuna haja ya kuwa mlafi.

Sheria ni kutozidi asilimia 1 ya uzito. Chozi wa gramu 9 kikomo chake ni mikrolita 90. Chukua 30 uache. Mlaze ndege chali kiganjani, fungua bawa, lowesha manyoya kwa pamba yenye spiriti mpaka uone mshipa ukipita juu ya kiwiko cha bawa. Choma kidogo sana kwa ncha ya sindano, bila kuvuta damu kwa bomba, halafu gusa tone kwa kijiti cha kapilari. Damu itapanda yenyewe. Bana kwa pamba kavu hadi sekunde 60.

Gawanya damu sehemu mbili.

Sehemu kubwa iingie kwenye etanoli, na utikise papo hapo. Uwiano usizidi sehemu moja ya damu kwa kumi za etanoli. Damu ikizidi, inakuwa donge gumu kama kokoto. Nje limehifadhika, ndani limeoza, na miezi mitatu baadaye utalikatakata kwa wembe ukijilaani.

Tone lililobaki lisambaze kwenye slaidi, liwe jembamba kama ulimi. Likaushe kwa kupepea, kisha litumbukize kwenye methanoli dakika moja siku hiyohiyo. Usiache slaidi mezani kambini usiku. Sisimizi na mende hula damu iliyokauka, na asubuhi unakuta kioo kimeng'aa.

Sasa ile penseli. Mwaka wangu wa kwanza niliandika lebo zote kwa kalamu ya wino inayodai kuwa haifutiki. Etanoli ilivuja kidogo njiani, na nilipofungua sanduku nilikuta vichupa 40 vya damu nzuri na lebo 40 nyeupe. Karatasi ndogo iliyoandikwa kwa penseli, ikatumbukizwa ndani ya kichupa, haifutiki na etanoli. Namba iwe ileile ya pete.

Utajua umefaulu ukiona damu kwenye kichupa imekuwa chembechembe za kahawia zinazoelea ukitikisa, na slaidi ukiielekeza kwenye mwanga ina ncha yenye rangi za upinde wa mvua.

## Hatua ya 5: Tafuta vimelea, si kinga tu

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Bila kujua ni kimelea gani kipo wapi, huwezi kusema ndege amejirekebisha kwa nini.

Tumia njia mbili. PCR ya mizunguko miwili iliyochapishwa na Hellgren na wenzake mwaka 2004 husoma kipande cha takriban besi (herufi za DNA) 480 cha jeni ya sitokromu b, na hukamata Plasmodium, Haemoproteus na Leucocytozoon. Kipande ukishakisoma, kilinganishe na hazina ya MalAvi, ambako kila ukoo wa kimelea una jina lake. Slaidi zilizotiwa rangi ya Giemsa nazo zinakuonyesha kile PCR inachokosa: ndege mwenye vimelea viwili kwa pamoja, na wingi wa vimelea damuni.

Andika ukoo, usiandike "ana" au "hana". Plasmodium huenezwa na mbu. Haemoproteus wengi na vijidudu vidogo vinavyouma vya jenasi Culicoides. Leucocytozoon na inzi wadogo weusi wa mitoni, jamaa wa wale wanaoleta ugonjwa wa usubi kwa binadamu. Watatu hao hawapendi mwinuko mmoja. Ukiwajumlisha kuwa "malaria ya ndege", ongezeko la mmoja juu linafuta ongezeko la mwingine chini, na jedwali lako litasema hakuna kitu.

Rekodi joto la kila eneo kwa vipimajoto vyako, usitegemee ramani za hali ya hewa. Bonde lenye kivuli na ukingo wenye jua, vikiwa mita mia moja tu mbalimbali, si mahali pamoja kwa mbu.

## Hatua ya 6: DNA safi

Kausha etanoli yote kabla ya kuyeyusha damu; mabaki yake huharibu PCR. Chukua damu kidogo, ukubwa wa kichwa cha pini. Wanaoanza hujaza, kisha wanapata uji mzito usiopita kwenye pipeti.

Pima uwiano wa 260/280, kipimo cha usafi wa DNA. Uwe kati ya 1.8 na 2.0. Punguza sampuli zote zifikie kiwango kimoja, tuseme nanogramu 25 kwa mikrolita.

Jaribio la bei nafuu kabla ya kutumia fedha: PCR ya jinsia kwa praima P2 na P8. Dume hutoa mstari mmoja kwenye jeli, jike miwili. Ikikubali, DNA yako ni nzima na umepata jinsia bure. Ikikataa kwa sampuli nyingi, rudi ukasafishe; usiende mbele kwa matumaini.

## Hatua ya 7: Anza na TLR

Kuna familia mbili za jeni ambazo kila mtu anazitaja. TLR ni kama mlinzi wa geti: humtambua mgeni kwa umbo la jumla, kwamba huyu ana ukuta wa bakteria, huyu ana RNA ya virusi. MHC hufanya kazi ya undani zaidi, huokota kipande cha kimelea na kukionyesha kwa seli za kinga ili zijue la kufanya.

Wengi hukimbilia MHC kwa sababu ina jina kubwa. Ushauri wangu ni kuanza na TLR. Kuku ana jeni kumi za aina hiyo, na nyingi kati yake zipo nakala moja tu katika ndege wengine pia. Nakala moja maana yake ndege ana aleli mbili, moja ya baba na moja ya mama, na unaweza kusoma kwa njia ya kawaida ya Sanger.

Chagua jeni tano hadi saba. Soma kila kipande pande zote mbili, mbele na nyuma. Kwenye mchoro wa mfuatano, mahali penye vilele viwili vinavyolingana urefu, ndege ana aleli mbili tofauti. Mahali penye kilele kimoja kirefu na kingine kifupi pembeni, huenda ni uchafu tu, rudia PCR. Badiliko linaloonekana kwa ndege mmoja tu katika kundi lote lisomwe mara ya pili kabla hujaliamini.

Baada ya hapo gawa mabadiliko katika mafungu mawili: yanayobadilisha asidi ya amino ya protini na yasiyobadilisha. Yale ya kwanza ndiyo yanayoweza kuguswa na uteuzi wa asili moja kwa moja. Jeni inaweza kuwa na tofauti nyingi, zote za kimyakimya.

## Hatua ya 8: MHC, kwa tahadhari

Kuku ana MHC fupi iliyopangwa vizuri, na vitabu vingi huanza naye. Ndege wadogo waimbao hawako hivyo. Jeni zao za MHC zimejirudia mara nyingi, na ndege mmoja anaweza kutoa aleli makumi kwa praima zilezile. Huwezi kujua ipi ni ya nakala ipi.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, huwezi kuhesabu ni ndege wangapi wana aleli mbili tofauti kwenye nakala fulani. Andika tu aleli hii ipo au haipo, na ndege ana aleli ngapi kwa jumla. Pili, PCR yenyewe hutengeneza aleli za uongo kwa kuunganisha nusu ya moja na nusu ya nyingine.

Dawa yake ni marudio. Kila ndege afanyiwe PCR mbili zinazojitegemea tangu mwanzo, zisomwe kwa mashine ya mfuatano kama MiSeq, na ubakize aleli zilizoonekana katika zote mbili. Zile sampuli 17 za marudio zinakuambia njia yako inakubaliana na yenyewe kwa kiasi gani. Visima 7 visivyo na DNA vitakuonyesha kama kuna kitu kinaruka kutoka kisima hadi kisima. Kama kisima tupu kina aleli, kila kitu kinasimama mpaka ujue imetoka wapi.

Kama bajeti ni ndogo, acha MHC. Kazi safi ya TLR inapita MHC iliyosomwa mara moja.

## Hatua ya 9: Alama zisizoegemea upande

Hiki ndicho kipande kilichokosekana kwenye zile rasimu. Unahitaji sehemu za genomu (DNA yote ya ndege) ambazo magonjwa hayazijali, ili zikueleze bahati, umbali na uhamaji vimefanya nini peke yake.

Mikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudiarudia) 12 hadi 15 zinakubalika. Ukipata fedha ya kusoma maelfu ya besi zinazotofautiana kote kwenye genomu, ni bora zaidi, kwa sababu unapata msambao mzima wa kulinganisha nao na si wastani mmoja. Mikrosatelaiti hubadilika haraka mno kuliko jeni za kinga, na hilo lenyewe hupotosha ulinganisho.

Zisome kwa ndege walewale. Kutumia takwimu za mikrosatelaiti za mtu mwingine, mwaka mwingine, mlima wa jirani, hakusaidii.

Ukitaka kuona bahati ina nguvu gani, tazama kucha wa Shelisheli, ndege mdogo wa visiwa hivyo. Miaka ya 1960 walibaki chini ya ndege 30, wote katika kisiwa kidogo cha Cousin. Wengine walihamishwa baadaye kwenda Aride mwaka 1988 na Cousine mwaka 1990. Kundi lililopita kwenye tundu la sindano namna hiyo hubeba alama ya bahati katika kila jeni, ya kinga na isiyo ya kinga. Vilele vya milima yetu, vilivyozungukwa na mashamba, ni visiwa vilevile bila maji.

## Hatua ya 10: Linganisha

Kipimo cha kawaida ni FST. Sifuri maana yake makundi mawili hayatofautiani. Moja maana yake kila kundi limebaki na aleli moja tu, nayo si ya mwenzake. Pima FST kwa kila jeni ya kinga, kisha uone inaangukia wapi ndani ya msambao wa alama zisizoegemea upande.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, alama nyingi zinatoa kati ya 0.02 na 0.07 baina ya juu na chini.

Jeni ya kinga ikitoa 0.05, imefuata kundi. Bahati na mtiririko wa jeni vinatosha kuieleza. Haya ndiyo matokeo ya kawaida, wala si aibu kuyaandika.

Ikitoa 0.20, kuna kitu kinaisukuma pande mbili tofauti. Hapo ndipo neno "kujirekebisha" linapoanza kuruhusiwa, kwa sauti ya chini.

Ikitoa 0.005, huenda uteuzi unahifadhi aleli zilezile kila mahali, kwa sababu kuwa na aina nyingi kunafaa juu na chini pia.

Onyo kwa MHC. Kundi likiwa na aleli nyingi sana ndani yake, FST haiwezi kupanda hata kama makundi hayashiriki aleli. Ni hesabu tu inavyokwenda. Kwa hiyo FST ndogo ya MHC isitafsiriwe peke yake. Weka pembeni yake kipimo cha D cha Jost, ambacho hakibanwi hivyo.

Halafu angalia milima kwa jozi. Je, aleli ileile inakuwa nyingi zaidi chini ya mlima katika milima yote mitatu? Inapendeza ikiwa hivyo, lakini hesabu kwanza: mielekeo mitatu kuangukia upande mmoja kwa bahati tupu ina nafasi 1 kati ya 4, kama kurusha sarafu. Kwa milima sita ni 1 kati ya 32. Milima mitatu inahitaji kusaidiwa na ukubwa wa tofauti. Mwelekeo pekee hautoshi.

## Hatua ya 11: Unganisha na ugonjwa

Sasa rudi kwenye jedwali la vimelea. Kwa kila ukoo wenye wagonjwa wa kutosha, uliza kama ndege wenye aleli fulani wanaambukizwa zaidi au kidogo, ukizingatia eneo, mwaka, umri na jinsia ndani ya modeli moja. Aleli zilizo chini ya asilimia 5 ziache. Na ukipima aleli 20, moja itaonekana "ya maana" kwa bahati tu, kwa hiyo sahihisha kwa idadi ya vipimo.

Kinachothibitisha kujirekebisha kwa mahali ni aleli kusaidia hapa na kutosaidia kule. Weka kwenye modeli mwingiliano wa aleli na eneo. Aleli inayosaidia kila mahali ni nzuri, ila hiyo ni habari nyingine.

Halafu kuna jambo linalowaangusha hata wazoefu. Wavu hunasa ndege anayeruka. Aliyezidiwa na homa amekaa kichakani, au ameshakufa. Ndege unayemkuta na vimelea ni aliyepona nusu na anaishi navyo. Kwa hiyo aleli inayoonekana zaidi kwa wenye vimelea inaweza kuwa ndiyo inayookoa!

Si nadharia tu. Kwa ndege wa matete mkubwa (Acrocephalus arundinaceus) anayezaliana Sweden na kuja Afrika wakati wa baridi ya huko, aleli moja ya MHC iitwayo B4b ilionekana zaidi kwa ndege wenye ukoo wa malaria GRW2 kuliko kwa wasio nao. Tafsiri yenye mantiki ni kwamba aleli hiyo inakibana kimelea kisiue. ʻAmakihi wa mabondeni naye amejaa malaria na bado anataga. Kustahimili kimelea na kukifukuza ni mambo mawili, na damu iliyochukuliwa mara moja haiyatofautishi.

Ndege huyo wa matete anatufundisha na kingine: ukipima mhamiaji, huenda kimelea alikipata bara jingine. Ndiyo maana Hatua ya 1 ilikataa wahamiaji.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi ya namna hii na kila neno likawa na jedwali nyuma yake: "Aleli hii ya TLR inatofautiana baina ya juu na chini kuliko alama zisizoegemea upande, katika milima mitatu, na chini ya mlima ndege wenye aleli hiyo wana vimelea vichache vya ukoo huu." Kama kipande kimoja hakina jedwali, kifute. Sentensi iliyobaki bado inachapishika.

## Hatua ya 12: Rudi wavuni mwaka unaofuata

Kuhamisha ndege wa juu kwenda chini ili uone nani atakufa hutaruhusiwa, na ni sawa usiruhusiwe. Kinachobaki ni pete.

Tandaza nyavu palepale, miezi ileile, saa zilezile, kwa idadi ileile ya nyavu. Andika kila pete unayoikuta. Orodha ya wasiorudi ina kazi kubwa kuliko ya waliorudi, lakini kutorudi si kufa. Ndege anaweza kuwa mita mia mbili kando akikucheka. Misimu mitatu ndiyo inayoanza kukuwezesha kutenganisha uwezekano wa kuishi na uwezekano wa kunaswa, kwa modeli za kunasa na kunasa tena. Linganisha kuishi kwa wenye aleli na wasio nayo, chini na juu.

Aliyenaswa tena mchukue damu upya, mikrolita 20 tu. Uzito wake uandike kwenye daftari kabla hujafungua kiganja; maabara ikionyesha baadaye kwamba bado ana ukoo aliokuwa nao mwaka jana, utajua kama anaishi nao bila kupungua.